Kiapo cha Tumbo Moja

"Musimame apo apo! Na uyu mwanamuke ni nani?"

Barnabé alishuka kwenye baiskeli taratibu, kama mtu asiye na haraka wala hatia. Mianda alisimama nyuma yake na sufuria ya bukari, yaani ugali, kichwani, viatu vyake vya kuchezea mpira vikining'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa ametoka mazoezini. Magoti yalimuuma, na mbele yake kulikuwa na gogo limelazwa katikati ya barabara, na vijana wamelikalia.

"Ni Bilonda," Barnabé alijibu. "Ndugu yangu."

"Ndugu namna gani? Siku izi kila mutu eko na ndugu."

"Baba moja, mama moja. Tumbo moja."

Aliyekuwa akiuliza aliitwa Gracien, mkubwa wa barieri ile iliyofunga njia kutoka mtaa wa Dilala kwenda gare, stesheni ya treni. Mwaka huo wa 1993 Kolwezi ilikuwa imegeuka mji wa kuulizana. Watu ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba waliambiwa ghafla kwamba si wa hapa. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakatolewa katika nyumba walizozaliwa, wakasukumwa gare wakangoje treni ya kuwapeleka "kwao". Wengi wao kwao huko hawakuwahi kukutia macho.

Mianda alikuwa mmoja wao. Jina lake kamili lilikuwa Mianda Tshilombo, na kwenye barieri ile jina hilo peke yake lingetosha kumwaga damu yake.

"Lapa," alisema Gracien, akitaka kiapo.

Barnabé alilamba kidole, akakipitisha kooni, akakielekeza juu mbinguni.

"Nalapa kwa tumbo ya mama yangu. Uyu ni ndugu yangu."

Gracien alimtazama Mianda kwa muda mrefu, kuliko Mianda alivyoweza kuvumilia. Kisha akavitazama vile viatu.

"Njo ule numero huit wa kwetu? Nilikuona dimanche. Unapiga balo muzuri. Pita, Bilonda."

Walipita. Barieri ikapotea nyuma ya ukuta wa shule.

"Mianda, tumepita. Angalia."

"Naona."

"Hausemi kitu?"

"Nimechoka, Barnabé. Tupeleke chakula."

Bilonda wa kweli alikuwepo. Alikuwa dada mdogo wa Barnabé, muuza maharage sokoni, na maishani mwake hakuwahi kupiga hata chungwa kwa mguu. Fujo zilipoanza, kocha Polycarpe alimwendea akaazima jina lake ili kiungo wake bora, yule wa jezi namba nane, aendelee kukaa mjini na kucheza bila kuguswa. Ilikuwa iwe kwa mechi moja tu, ya kule Lubudi. Lakini kuazima jina ni kama kuazima sufuria ya jirani: siku ya kuirudisha haifiki. Sasa kila Jumapili uwanja mzima uliimba Bilonda, na Mianda aligeuka kila alipoitwa.

Na huyu Barnabé alikuwa mchumba wake. Kabla ya fujo, wazee wa Barnabé walikuwa wamekwisha kuja kugonga mlango wa mzee Tshilombo, baba yake Mianda, wakakaa, wakaelewana. Kilichobaki kilikuwa kimoja, mbuzi ya mama, ile ambayo mwanaume humpelekea mama mkwe kumshukuru kwa kuzaa. Bila mbuzi ile, hata mahari ikijaa nyumba, hakuna ndoa.

* * *

Gare ilikuwa imejaa watu mpaka katikati ya reli. Familia zilijikinga mvua kwa mabati, kwa vitanda, kwa milango ya nyumba walizofukuzwa. Mzee Tshilombo alikuwa ameegemea mlango wake mwenyewe, ule wa rangi ya kijani aliouchomoa Dilala kwa hasira. Maisha yake yote aliendesha treni ya kubeba mawe ya shaba. Sasa alikuwa mzigo, anaingojea.

"Nani amepika?" aliuliza, bila kuigusa sufuria.

"Mi, tata."

"We nani?"

"Tata..."

"Nauliza. Mama Kalombo, jirani yetu, amepita barieri nyuma yenu, amesikia yote. Njo naulize vizuri: nani amepika, Mianda ao Bilonda?"

Barnabé alipiga magoti kwenye kokoto.

"Tata, nilisema vile juu ya kumuokoa."

"Najua. Ningekuwa kwa fasi yako, ningesema vile vile." Mzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Mianda maini. Alisema kwa sauti ya mtu aliyelala kwenye mvua. "Sikulaumu, mutoto yangu. Lakini umelapa kwa tumbo ya mama yako. Kwetu ile neno haitemwi kama mate. Na kwenu je?"

Barnabé aliokota kokoto moja, akairudisha chini.

"Mutu hamuoi ndugu yake. Ile mbuzi ya mama utaileta kwa nani sasa? Kwa mama yako mwenyewe?"

Mama Josée, mama yake Mianda, aliivuta sufuria karibu yake.

"Tshilombo, acha mutoto aikale. Bukari inapola."

Barnabé akakaa, wakala. Mzee naye alikula, kidogo, akiangalia pembeni. Mianda alimuona anavyotafuna taratibu akatamani kulia, ila machozi nayo yanataka nguvu.

* * *

Kesho yake Polycarpe alimfuata Mianda uwanjani mbio, kofia mkononi.

"Kuya, kuya mbio! Kinshasa eko ku phonie!"

Phonie ilikuwa ile redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, maana simu zilikwisha kufa zamani. Iliwekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, foleni mlangoni. Phonie haina siri: anachoambiwa mmoja, foleni yote inasikia. Na ukimaliza kusema lazima useme "à toi", la sivyo mwenzako hajui kwamba zamu yake imefika.

"Kolwezi, munanisikia? À toi."

"Tunakusikia sana, Kinshasa. À toi," Polycarpe alipiga kelele.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtoto wa mkoa wetu wa Shaba aliyehamia kule, msaidizi wa kocha wa timu ya taifa ya wanawake.

"Tunataka milieu yenu. Ule numero huit, Bilonda. Équipe nationale inaingia mu kambi. Afike Lubumbashi, apande avion ya jeudi. Munaelewa? À toi."

Foleni ililipuka. Watu waliacha habari zao wakampigia makofi. "Bilonda! Bilonda wetu!" Mama mmoja asiyemjua alimkumbatia. Mianda alitabasamu, na tabasamu lenyewe aliliona kama la kuazima. Aliiota siku ile tangu alipokuwa akicheza mpira wa matambara nyuma ya nyumba za kampuni. Ndoto imefika, na imebeba jina la muuza maharage.

Alimvuta Polycarpe pembeni.

"Coach, kule Kinshasa nitarudisha jina yangu?"

"Kule batakutengenezea passeport."

"Na jina gani?"

Polycarpe alikuna kichwa. "Na ile banajua. Mutoto, usinitafutie maneno. Jina ni nguo tu."

"Nguo mutu anaivua. Mi nitaivua lini?"

"Siku utaacha balo."

"Donc nitacheza maisha yangu yote, na kila balo nitapiga itakuwa ya Bilonda. Na Barnabé atakuwa kaka yangu ata mu passeport."

"Unataka nini, Mianda? Unataka ufe na jina yako muzuri?" Kocha alisema hivyo, kisha akajuta, akamshika bega. "Samahani. Ata mi nimechoka. Lakini unajua ni batoto ngapi ya Kolwezi banaitwaga na Kinshasa? Wewe tu."

Jioni ile habari nyingine ikafika, kutoka gare: treni nayo inakuja. Alhamisi, siku ileile ya ndege.

* * *

Kwao Barnabé walikaa uani. Bilonda mwenyewe alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Mi nimechoka na iyi mambo! Ku soko kila mutu ananipongeza. Leo tata moja amekataa kununua maharage mpaka nimuonyeshe namna nilipiga but, ile bao ya dimanche. Mi, na iyi miguu!"

Wote walicheka, hata Mianda. Kicheko kilikatika pale mjomba Kabongo alipokohoa. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki, na ndiye aliyeongoza kugonga mlango kwa Tshilombo.

"Barnabé, ni kweli ulilapa?"

"Ni kweli, mujomba."

"Kwa tumbo ya dada yangu?"

"Ndiyo."

Mzee alifumba macho. "Basi sikia. Ukimulala uyu mwanamuke bila kuvua ile kiapo, ni sawa umelala na uyu." Akamwonyesha Bilonda kwa kidole. Bilonda alijifunika uso kwa kitambaa. "Batoto yenu bataugua. Siwezi kupeleka mbuzi juu ya kiapo kama kile."

"Basi nivue. Namna gani?"

"Kiapo kinavuliwa fasi kilivaliwa. Na masikio ile ile ilisikia, inapashwa kusikia tena. Unabeba kuku mweupe, unasema kweli mbele yao, unamwachilia. Kuku ni wa ule atamkamata."

"Masikio ya barieri, mujomba?"

"Ya barieri."

Hapo kila mtu akaelewa. Ili Mianda awe mke wake, ilimpasa Barnabé asimame mbele ya wale vijana na kuwaambia kwa kinywa chake kwamba Mianda ni wa Kasai. Kilichomuokoa ndicho kilichomfunga. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini hawakusema ufanye nini ikiwa mdomo huohuo ndio ulioponya kichwa cha mwenzako.

Mianda aliinuka akatoka. Barnabé alimfikia kwenye bomba la maji.

"Enda Kinshasa," alisema. "Sikia mi. Enda na jina ya Bilonda, ucheze. Mambo itapola. Mi nitakungoja."

"Unangoja nani? Ndugu yako?"

"Mianda!"

"Unangoja mpaka Gracien azeeke, ao mpaka ahame?"

"Niliogopa. Unataka niseme nini? Niliona bakora zao, niliogopa."

"Ata mi niliogopa. Sina kasirani na wewe, Barnabé, na njo kitu inaniuma." Alikaa kwenye ukingo wa bomba, akajishika magoti. "Nakupenda, unajua. Lakini nimechoka kuokolewa. Coach ananiokoa, wewe unaniokoa, Bilonda ananiokoa, na kila mara nikiokolewa kunabaki kipande kidogo tu ya Mianda. Jeudi nitapita barieri na jina yangu. Naenda na bazazi yangu."

"Na avion?"

"Avion inangoja Bilonda. Umuambie apande, aonyeshe but yake."

"Batakupiga!"

"Pengine."

"Na mi je?"

Mianda alimtazama. Alimpenda huyu mwanaume kwa masikio yake makubwa, kwa namna alivyosimama kando ya uwanja kila Jumapili akimshikia kanga yake asiichafue.

"We uko kwenu," alimwambia. "Hakuna mutu atakuuliza uko nani."

* * *

Alhamisi asubuhi aliondoka peke yake, viatu shingoni, nguo mbili kwenye kitambaa. Hakuaga mtu. Alipokata kona ya shule akaona barieri, na mbele ya barieri akaona baiskeli anayoijua. Kwenye usukani alining'inia kuku mweupe, miguu juu. Nyuma, kwenye kamba, mbuzi jike alikuwa akila majani ya ukingoni kama vile dunia iko salama.

"Barnabé," Gracien alikuwa akiuliza, "iyi mbuzi ni ya soko?"

"Ni ya mama."

"Mama gani?"

"Mama Josée. Mama mukwe yangu, mama ya bibi yangu."

Vijana wakainuka kwenye gogo. Mianda alisimama. Barnabé alimuona, rangi ikamtoka usoni, lakini hakuacha kusema. Alifungua kuku, akamshika kwa mikono miwili.

"Apa, fasi iyi, nililapa mbele yenu. Nilidanganya. Uyu si ndugu yangu. Anaitwa Mianda, mutoto ya Tshilombo, mutu wa Kasai, muzaliwa wa apa Kolwezi. Sikutoka naye tumbo moja. Ni bibi yangu. Mumesikia wote? Navua kiapo. Kuku ni wa ule atamkamata."

Akamwachilia.

Sasa, msomaji, kumbuka hali ilivyokuwa. Mishahara ilikuwa imekufa, unga umepanda, na wale vijana wa barieri walikuwa na njaa kama wale waliokuwa wakiwafukuza. Kuku alitua chini, akatikisa mbawa, akakata mbio kuelekea mtaroni. Kijana wa kwanza alitupa fimbo yake, wa pili akamfuata, na kufumba na kufumbua kundi zima lilikuwa nyuma ya kuku likitukanana. Kwenye gogo alibaki Gracien peke yake.

"Nilijua," alisema polepole.

"Ulijua nini?"

"Tshilombo aliendesha treni ya mawe. Tulikuwa batoto, alitupandisha bure, anatupigisha honi. Uyu alikuwa anaikala mbele na nywele yake ya kusuka. Nani hamujui?"

"Basi juu ya nini ulinilapisha?" Sauti ya Barnabé ilipasuka.

"Nilitaka neno ya kuambia benzangu. Ulinipatia, nikamuacha apite siku zote." Gracien alitema mate chini. Hakuonekana mbaya wala mwema, alionekana mchovu tu. "Leo umeniondolea ile neno. Mupite mbio, na asirudi tena. Bakirudi na ule kuku, mi siwezi kitu."

Walikimbia. Mianda alishika kamba ya mbuzi, Barnabé baiskeli, na katika wote watatu mbuzi ndiye aliyekuwa na kasi ya timu ya taifa.

* * *

Treni ilikuwa ya mabehewa ya kubebea mawe, wazi juu, na watu walikuwa wakipandishana kwa mikono. Mzee Tshilombo tayari alikuwa ndani, na mlango wake wa kijani ameulaza uwe sakafu. Aliwaona wakija wanahema.

"Nani analeta mbuzi?"

"Mi, tata," alijibu Barnabé. "Nimevua kiapo. Pale pale, mbele ya wale wale."

Mzee alimtazama binti yake, na Mianda akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mama Josée alikwisha kumnyooshea mbuzi mikono, akiita wanawake wenzake wamsaidie kumvuta. Mbuzi alipanda akilia. Wanawake, ambao hawakuwa wamepiga kigelegele tangu wafukuzwe, walipiga kimoja kifupi, kikavunjika njiani.

"Na we unapanda kwenda wapi?" mzee alimuuliza Barnabé.

"Fasi bibi yangu anaenda."

"Kule we njo utakuwa mugeni."

"Zamu yangu basi. Mi pia baniulize niko nani."

Mzee alisogea, akampa nafasi. Kisha, palepale juu ya mlango, kati ya masufuria na watoto wanaokohoa, akaketi kama baba anavyoketi siku ya kumwoza binti, akamuuliza mara tatu kama desturi inavyotaka, iwapo mbuzi ile ipokewe.

"Mianda, tukamate?"

"Mukamate, tata."

"Mianda, tukamate?"

"Mukamate."

"Mianda, mutoto yangu." Hapo akamshika mkono. "Tukamate?"

"Mukamate, tata. Ni bwana yangu."

Ndiyo ilikuwa harusi yao. Safari yenyewe hatutaisimulia. Waliopita wanaijua, na wapo waliopanda treni ile ambao hawakufika.

* * *

Mwene-Ditu, mji wa Kasai, iliwapokea ilivyoweza. Barnabé alitengeneza baiskeli kando ya barabara, na kweli aliulizwa yeye ni nani, tena siyo mara moja. Alijibu kila siku kwa subira, na jioni alirudi amechoka. Mianda alizaa, akanyonyesha, akarudi uwanjani na viatu vilevile vilivyoshonwa upya. Alicheza na wanawake wa sokoni, kisha na timu ya mji, kisha na timu ya mkoa. Baadaye angeivalia nchi yake jezi mpaka magoti yakatae kabisa. Ila ukimuuliza leo siku kubwa ya mpira wake, hatakutajia bao wala kikombe. Atakutajia siku ya phonie.

Chumba kilikuwa kidogo kama kile cha Kolwezi, foleni ileile, kelele zilezile. Nyuma yake walisimama Barnabé na mtoto mgongoni, na mzee Tshilombo na fimbo yake.

"Mwene-Ditu, équipe nationale inataka milieu yenu. Jina yake kamili? À toi."

Mianda aliishika ile mikrofoni kwa mikono miwili.

"Mianda Tshilombo. À toi."

"Sisikii muzuri. Rudilia. À toi."

Alirudia, kwa sauti ya kupasua bati. Foleni yote ilisikia. Mzee aligeuka ukutani akajifuta uso.

Redio ilikwaruza, kisha sauti ile ya mtoto wa Shaba ikarudi, polepole, kama mtu anayekumbuka.

"Mianda, we unatoka Kolwezi, banasema. Zamani tuliita milieu moja wa kule, numero huit, mukali sana. Bilonda. Ata siku moja hakufika. Ulimujua? À toi."

Barnabé alikuwa ameanza kucheka, mtoto anatikisika mgongoni. Mianda alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uchovu ulimtoka mabegani.

"Namujua sana," alisema. "Ni wifi yangu. Anauzaga maharage. À toi."